Walisema Makaburi Ni Mawili

“Hapo kwenye migomba,” alisema mzee Lukelo, akinyoosha fimbo yake, “ndipo choo kitakapokaa.”

Hapo ndipo tulipomwacha Stefania wiki iliyopita, msomaji wangu, amesimama barazani na funguo za nyumba mkononi, uso umemshuka. Kama leo ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, sogea nikueleze upesi, maana Adolf mchimba vyoo ameshavua shati.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao Stefania na nduguze. Vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, bati, baraza inayotazama mashamba ya mpunga, na mto Kilombero nyuma ya matete. Kutoka Ifakara mjini ni nusu saa kwa pikipiki, na ukipiga yowe hapo, wa kwanza kukusikia ni ng’ombe. Marehemu aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Fridolin, mwanawe wa kwanza, ameyapaka chokaa mara mbili, na maneno bado yanachungulia.

Imeuzwa. Mama yao, mama Theresia, miguu imemkataa. Anaishi kwa Fridolin kule Lipangalala, na nyumba ya peke yake porini haimfai tena. Mnunuzi ni mzee Lukelo, aliyeendesha trekta kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu miaka thelathini, na sasa anatafuta mahali penye utulivu, yeye na mkewe Sada.

Siku ya maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, karatasi iliuliza: makaburi mangapi? Fridolin akajibu, mawili. La babu na la baba. Yamezungushiwa tofali, yanabaki ya familia. Stefania, binti wa mwisho, yule aliyebaki akiitunza nyumba hiyo wenzake walipotawanyika, akapewa kalamu kama shahidi.

Akasaini. Na alijua ni matatu.

Sasa tuendelee.

“Hapo pana maji, mzee,” Stefania alisema. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyempenda.

Adolf alichoma ardhi kwa ncha ya sululu. “Maji gani, dada? Hapa ni pakavu kuliko pote. Au unataka nikachimbe kule choo cha zamani kilikozama na mafuriko, nizame nacho?”

“Nyuma ya jiko, basi.”

“Nyuma ya jiko ndiko upepo unakotokea, mwanangu,” Sada alisema kwa upole. “Tutakula wali na harufu.”

Fridolin alicheka. Alikuwa amevaa shati lake la misa, siku hiyo ilikuwa ya kukabidhi nyumba na alitaka iende vizuri. “Mtu akichagua mahali pa choo chake tunampigia kura? Stefania, toa funguo. Mama anaungua na jua.”

Mama Theresia alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni mwa baraza, rozari imemzunguka vidole. Alikuja kuyaaga makaburi. Alishayaaga mawili yale ya tofali, akayanyunyizia maji ya baraka, akasali. Tangu hapo macho yake yalikuwa kwenye mpunga. Upande wa migomba hakugeuka hata mara moja.

Adolf alikata mgomba wa kwanza. Ukaanguka taratibu, majani yakijifunika. Akakata wa pili. Akautupa pembeni, akatema mate viganjani, akashika jembe.

Stefania alijikuta anatembea. Hakuamua, miguu iliamua. Alipofika alisimama kati ya visiki viwili, ndara zake zikazama kwenye majani makavu.

“Usichimbe.”

“Dada, toka hapo. Jembe halina macho.”

“Kaka Adolf, usichimbe. Pana mtoto hapa.”

Adolf ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliliweka jembe chini polepole, akarudi kinyumenyume, akalitafuta shati lake, akalivaa na kulifunga vifungo vyote hadi shingoni, kama mtu aliyejikuta kanisani kifua wazi.

“Mtoto gani?” aliuliza Fridolin.

“Kichanga. Alizaliwa, hakulia. Tulimzika sisi wanawake.”

Nanyi wa bondeni mnajua habari hizo. Mtoto ambaye hajalia, hajapewa jina, huwa hapelekwi makaburini na hawekewi msalaba. Wanaume hawaitwi. Kina mama humzika wenyewe karibu na nyumba, mahali penye ubaridi, wananawa mikono, na neno linaishia hapo. Na mwaka ule wanaume wangeitwa kutoka wapi? Baba na Fridolin walikuwa ng’ambo ya mto tangu mvua za kwanza, wanalala kwenye kibanda shambani, wanafukuza ndege kwenye mpunga. Walirudi mwezi wa saba na magunia yao. Walikuta uwanja umefagiwa na migomba michanga imepandwa. Nani angewaambia, na kwa maneno gani?

“Wewe ulisaini,” Fridolin alisema. Sasa hakucheka. “Mbele ya mwenyekiti. Makaburi mawili, na chini yake jina lako.”

“Nilisaini.”

“Kwa nini?”

Mama alikuwa amemwangalia, ndiyo maana. Siku ile ya maandishi mama alimwangalia mara moja tu, na kalamu ikatembea.

Sasa yule mama akasema, bado anautazama mpunga. “Hakuna kitu hapo.”

Watu wakageuka.

“Huyu mwanangu tangu utotoni huota mchana,” aliendelea mama Theresia. Sauti haikutetemeka hata kidogo. “Mimi ndiye mwenye nyumba hii, mimi ndiye niliyepanda migomba ile. Chimba, baba.”

Stefania alihisi kama amepigwa kofi mbele ya wageni. Aliyekata kitambaa cha kumfunga yule mtoto ni mama. Aliyechimba ni mama, kwa mikono yake, na Stefania alikuwa anashika karai la udongo. Wakatazamana, na macho ya mama hayakupepesa.

Mzee Lukelo aliisimika fimbo yake ardhini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo sasa yalikuwa makali.

“Nisikilizeni. Mimi si mtoto. Mmepata mnunuzi mwingine? Semeni. Maana nimeona watu wa namna hii. Karatasi ikishakauka wino, unasikia mzimu, unasikia mpaka umesogea, unasikia shangazi hakushirikishwa.”

“Hapana, mzee, hakuna mnunuzi mwingine,” Fridolin alisema haraka.

“Basi tuchimbe. Kama yumo tutamwona.”

“Bwana wee,” Sada akamkatiza. “Kaburi la mtoto halifukuliwi ili mtu ashinde ubishi.”

“Sada, huyu mama anasema hakuna kaburi.”

“Namsikia anavyosema. Na namwona asivyopatazama.”

Fridolin alikuwa anahesabu. Alianza kwa vidole, akaacha, akamsogelea mdogo wake hadi Stefania akasikia harufu ya sabuni kwenye lile shati la misa.

“Mwaka gani huo?”

“Mwaka wa maji mengi. Uliporudi na redio.”

“Humu ndani mlikuwa wanawake watatu tu. Mama alikuwa ameshapita umri.” Akashusha sauti, lakini uwanja ule ni mtulivu, kila mtu alisikia. “Wa nani, Stefania?”

Na hapa, msomaji wangu, ndipo penye mwiba.

Wanawake watatu walikuwa mama, Stefania, na dada yake Dorotea. Dorotea alikuwa na miaka kumi na saba mwaka ule. Leo ni mke wa Octavian, katekista kule Mahenge, mama wa watoto wawili, na hakuna aliyemwambia mumewe kwamba alikuwapo wa kwanza. Kumtaja ni kuivunja nyumba yake. Kutomtaja ni kumwacha Adolf ashike jembe tena.

Na Stefania alikuwa na lake pia, ambalo hata padri hajalisikia.

Asubuhi ile, miaka kumi na mitano iliyopita, yeye ndiye aliyetumwa. Mama alimshika mabega akamwambia, “Kimbia kwa bibi Angelina, mwambie aje na kikapu chake, usisimame njiani.” Bibi Angelina alikuwa mkunga, alikaa mwendo wa saa nzima. Stefania alikimbia. Maji ya mto yalikuwa yanarudi, yameacha vidimbwi kila mahali, na kwenye vidimbwi watoto wa jirani walikuwa wanateka samaki kwa matenga, wanacheka, perege wanarukaruka kama mvua inayotoka chini. Wakamwita. Akasema naangalia tu. Akakunja gauni. Alipokumbuka alikotumwa, kanga yake ilikuwa imejaa samaki na jua lilikuwa utosini.

Bibi Angelina alipofika alimkuta mtoto ameshatoka. Alimgeuza, akampiga mgongoni, akampulizia. Kisha akamfunika. “Ningefika mapema kidogo,” alisema, akaacha hapo.

Tangu siku hiyo Stefania hali perege. Watu wanadhani tumbo linamkataa.

“Wa nani?” Fridolin alirudia.

“Wangu,” Stefania alisema.

Adolf alipiga ishara ya msalaba. Fridolin alirudi nyuma hatua moja, halafu mkono wake ukainuka, na kama Sada asingejitia katikati sijui ungetua wapi.

“Ulikuwa na miaka kumi na mitatu!”

“Ndiyo.”

“Nani alikufanyia hivyo? Taja jina. Kama bado yu hai nitamfuata leo hii.”

“Kaka, niache. Ni wangu mimi. Nilikosa, nikanyamaza, nikasaini. Mzee Lukelo, naomba radhi. Chimba kwingine, nitakushika miguu, ila usichimbe hapa.”

Ajabu ni kwamba alihisi nafuu. Uongo ule ulimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alimcheleweshea dada yake mkunga, basi na ambebee aibu, wawe wamelipana. Aliinamisha kichwa akangoja maneno ya watu.

Badala yake alisikia kiti cha plastiki kinalia.

Mama Theresia alikuwa amesimama. Miguu iliyokataa ilimshika, akaja hatua tatu bila fimbo, bila mtu, rozari inaburutika.

“Si wake.”

“Mama, keti,” Stefania alisema.

“Nyamaza. Si wake, Fridolin, shusha mkono wako. Huyu alikuwa mtoto, alikuwa bado anaruka kamba.” Akavuta pumzi. “Nimemkana mmoja asubuhi hii. Siwezi kuwakana wawili.”

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Ukitoa mmoja kwenye wawili, anayebaki anajulikana. Fridolin akakaa juu ya mgomba ulioanguka, na lile shati la misa likalowa utomvu.

“Redio ile,” alisema. “Niliifungulia hapa uwanjani siku tatu mfululizo. Nikawa namwambia Dorotea acheze. Nikamwita mvivu.”

Stefania alimshika mama yake kiwiko ili asianguke, na kwa kuwa siku ile ilikuwa imeshapasuka, alilitoa na lile la mwisho. Alilisema akiangalia ndara zake.

“Mama, ni mimi niliyemuua. Ulinituma, nikasimama njiani. Nilikuwa nateka samaki.”

“Najua.”

“Hujui, mama. Bibi Angelina alisema angefika mapema…”

“Najua, Stefania. Ulirudi kanga inatoa maji, wale perege bado wanatapatapa ndani. Ulidhani walitoka wapi, mbinguni? Niliwakaanga mwenyewe jioni.”

Stefania aliinua macho. “Miaka yote hii. Hukuniuliza.”

“Ningekuuliza, nawe ungeniuliza.” Mama Theresia alikuwa anazungumza polepole sasa, kama mtu anayetoa mwiba wake mwenyewe. “Dada yako alianza kuumwa usiku. Baiskeli ya baba yako ilikuwa pale ukutani, hospitali iko mjini. Alinililia nimpeleke. Nikamwambia, na watu wakikuona? Nikafunga mlango kwa kufuli hili hili unaloshika funguo zake. Nikangoja kuche. Nikangoja tena watu wapite waende mashambani. Ndipo nikakutuma wewe.” Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. “Samaki wako walichelewesha saa mbili tatu. Mimi nilichelewesha usiku kucha. Nikakuacha wewe mdogo uubebe mzigo, kwa sababu ukiubeba wewe, mimi nilikuwa napata usingizi.”

Stefania hakujua afanye nini na mkono uliokuwa umeshika kiwiko kile. Alitaka kuuondoa. Aliuacha. Lakini hakumkumbatia, msomaji, nisikudanganye.

Mzee Lukelo alivua kofia. Alizunguka migomba yote kwa mbali, akarudi, akasimama mbele ya mama Theresia.

“Mama, shikamoo,” alisema, ingawa kwa umri walikuwa karibu sawa.

“Marahaba, baba.”

“Choo kitahamia. Harufu tutaizoea, Sada ana maneno mengi tu.”

“Mimi nina pua,” alisema Sada.

“Lakini siwezi kulala usiku mahali penye mtoto wa mtu kwa ruhusa ya bibi na mjomba. Mwenye mtoto yupo. Aje, au aseme kwa kinywa chake: mzee, kaa, umtunzie. Nikisikia hivyo nitajenga uzio kwa mkono wangu, na karatasi tutaiandika upya, makaburi matatu. Akisema hapana, ninarudi Kidatu na mkataba tunauchana. Sitawadai ubaya.”

“Mzee,” Fridolin alisema, “ana mume. Mume hajui.”

“Hilo silo langu kulipanga.”

“Tukisema kaburi ni la zamani tu, la ukoo…”

“Kijana,” Sada alisema, “mmeshaandika mawili yalipokuwa matatu. Msianze tena.”

Fridolin alimtazama mama. Mama alimtazama Stefania. Basi ndivyo ilivyokuwa siku zote katika nyumba ile, kila kizito kikitafuta mtu wa kukibeba, kinazunguka weee, kinaishia kwa yule mdogo.

Stefania alitoa simu mfukoni. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia dada yake: ondoka ulipo, nenda mahali pa peke yako, halafu nipigie. Hata mume akiwa karibu asingeshtuka kwa hilo. Alibonyeza namba. Iliita mara mbili.

“Haloo.” Sauti ya mwanaume. Nyuma yake upepo na mngurumo wa pikipiki inayopunguza mwendo.

“Shikamoo, shemeji Octavian.”

“Marahaba, Stefania. Ngoja nisimame pembeni.” Pikipiki ikazimwa. “Afadhali umepiga. Tumeshavuka daraja, dakika kumi tutakuwa hapo kwenu.”

“Mko… wawili?”

“Nipo na dada yako. Tuliposimama ameshuka kunywa maji kwenye kibanda hapa, simu yake ninayo mimi tangu tulipoondoka. Shemeji, mwenzangu huyu hajalala. Tangu alfajiri ananiambia nyumba isikabidhiwe kabla hajafika. Namuuliza kwa nini, anasema kuna kitu chake alikiacha hapo, ataniambia tukifika, nisimuulize njiani. Nimemwacha, lakini naogopa.” Akashusha sauti. “Anarudi sasa hivi. Niambie upesi, wewe ulikaa naye nyumba moja. Hicho kitu unakijua?”

Simu ile ina sauti kubwa, uwanja mzima ulikuwa umesikia. Mama Theresia alitikisa kichwa, midomo imekaza: usiseme. Sada, mgeni wa watu, akaitikia kwa kichwa chake: sema.

Stefania alitazama chini, pale ndara zake zilipokuwa bado zimesimama.

“Nakijua, shemeji,” alisema. “Na wewe ukifika, kabla hajafungua mdomo, nina neno la kukuomba.”

“Neno gani?”

Lakini ile sauti iliyouliza haikuwa ya Octavian. Ilikuwa ya Dorotea.